Majani ya bustani kwenye kichanga cha Dodoma: pima maji kabla ya kupima uwanja

Mwaka wa kwanza nilipohamia Dodoma nilipanda majani mwezi wa nane. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, ambako ukiangusha kipande cha jani barazani kinaota, nikadhani bustani ni suala la fundi na hela tu. Nikaletewa viroba kumi na viwili vya majani mapana ya pwani, yale wauza miche wanayoyaita Pemba. Yakapandwa kwa siku mbili, uwanja wote wa mbele, mita za mraba kama 200. Jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyekuwepo Nzuguni tangu viwanja havijapimwa, akaja kuangalia.

"Mwanangu, haya yametoka wapi?"

"Dar, mzee."

"Na maji yake umeyaleta?"

Mwezi wa kumi uwanja ulikuwa na rangi ya gunia. Kilichobaki kijani ni kipande cha ukoka wa kienyeji chini ya koki iliyokuwa inavuja, karibu na mita ya maji. Hakuna aliyeupanda. Bustani niliyo nayo leo imetokana na ukoka ule ule, na haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningependa ningeujua mapema.

1. Anza na hesabu ya maji

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Shika hiyo tu, nyingine zote zinatokana nayo. Kwenye jua na upepo wa mwezi wa tisa hapa kwetu, ukoka unataka milimita 25 hivi kwa wiki ili ubaki kijani. Uwanja wa mita za mraba 50 unakunywa lita 1,250 kwa wiki, yaani uniti tano na ushee kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000). Ule wangu wa mita 200 ulikuwa unadai uniti zaidi ya ishirini. Watu watano wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa siku wanamaliza uniti tisa. Nilikuwa nimealika nyumbani familia mbili na zaidi bila kuwaandalia chakula.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, chukua bili zako tatu za mwisho, angalia mtaa wenu una mgao wa namna gani, angalia simtanki lako lina ukubwa gani, kisha amua eneo. Kwa nyumba nyingi za Nzuguni, Iyumbu, Kisasa au Mkonze, mita 40 hadi 60 zinatosha watoto kucheza na wageni kukaa jioni. Sehemu nyingine weka kokoto, paving, au mzabibu wa kivuli. Uwanja mdogo wa kijani unazuia vumbi kuliko uwanja mkubwa uliokauka.

Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kusaidia, ila siyo ya povu la kwanza. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi, na hayo yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiyaguse kabisa. Badilishabadilisha sehemu unazoyamwaga, na mara moja moja pitisha maji safi.

2. Chagua wakati

Dodoma tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Huo ndio msimu wetu, mmoja tu. Panda ndani yake.

Lakini usipande kwa mvua ya kwanza. Ile ya mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja hutishia, inalowesha vumbi, kisha jua linarudi wiki mbili. Chimba na kidole au kijiti: udongo ukiwa umelowa hadi kina cha shubiri moja, panda. Mara nyingi ni katikati ya mwezi wa kumi na mbili hadi wiki za mwanzo za Januari. Ukichelewa zaidi, utakutana na kile kiangazi kidogo cha Februari mizizi ikiwa bado mifupi. Mwezi wa sita na wa saba usijaribu. Usiku kuna baridi na ukoka unasinzia.

3. Ujue udongo wako

Siyo Dodoma yote ni kichanga. Kuna mitaa yenye mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi, na kuna viwanja ambavyo juu ni mchanga na chini ni udongo mgumu kama sakafu. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Tope laini linachukua saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kukaa hadi kesho yake. Kesho yake angalia matabaka. Changu mimi, mchanga ulikuwa zaidi ya robo tatu.

Jaribio la pili: chimba shimo la futi moja, jaza maji, acha yazame, jaza tena. Kama mara ya pili yanaisha kabla hujamaliza kikombe cha chai, una kichanga kinachopitisha maji kama chekecheke.

Kama unatumia maji ya kisima, onja. Visima vingi vya huku vina chumvi. Unaijua kwenye chai inayokataa sukari na kwenye birika lenye ganda jeupe. Chumvi hiyo hiyo itajikusanya juu ya udongo wako, na ncha za majani zitaungua hata kama unamwagilia kila siku.

4. Aina ya majani

Ukoka. Ningeweza kuishia hapo.

Ukoka una mizizi mirefu, una matawi yanayotambaa juu na mengine yanayopita chini ya udongo, na hayo ya chini ndiyo yanayobaki hai wakati juu pamekuwa makapi. Wa kienyeji unapatikana bure kando ya mitaro na kwenye mabomba yanayovuja. Ule wa majani membamba unaouzwa na wenye vitalu vya miche ni mzuri zaidi kwa macho. Sharti lake moja ni jua, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwarobaini utachoka bure. Pale weka kokoto na benchi.

Zoisia ni nzuri na inavumilia kukanyagwa, ila inatambaa polepole sana. Unaweza kungoja misimu miwili ifunge. Kama maji yako ni ya chumvi kweli kweli, tafuta paspalamu, maana yenyewe asili yake ni kando ya bahari. Pemba iache pwani, au iweke kwenye kivuli cha nyumba unakoweza kumwagilia. Na yapo majani ya Kikuyu, mazito, ya kijani cha kupendeza, ambayo fundi wengine watakushawishi nayo. Ni majani ya nyanda za juu za Kenya, hayana undugu na kata yetu ya Kikuyu hapa mjini, na yanakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani.

5. Kuchimba na samadi

Hapa ndipo bustani inapatikana au inapokosekana, na hapa ndipo watu wanapofanya haraka, kwa sababu kazi yote inafukiwa na mgeni haioni.

Kwanza toa takataka za ujenzi. Karibu na kuta za nyumba mpya utakuta saruji iliyomwagika, vipande vya tofali, misumari, mifuko. Mimi nilitoa toroli sita. Kisha chimba kwa jembe, au sululu pakiwa pagumu, kina cha sentimita 20, sawa na kiganja kilichokunjuliwa tangu kidole gumba hadi kidole kidogo. Unapochimba, okota ndago. Usikate jani ukaridhika. Ndago ina vijinundu chini, vyeusi, kama njugu ndogo, na kila kimoja ni mche. Okota na mbigiri kabla haijatoa mbegu, la sivyo watoto hawatakanyaga hapo bila viatu.

Ukishamaliza, mwagilia na usipande kitu kwa wiki mbili. Magugu yaliyojificha yataota yote. Yapalilie, halafu ndiyo uendelee. Wiki mbili hizi zimeniokoa kwenye palizi ya miezi.

Sasa samadi. Bahati yetu tuliopo Ugogoni ni kwamba ng'ombe hawako mbali, na zizi la zamani ni mgodi. Unataka samadi iliyoiva: nyeusi, inayovunjika mkononi kama udongo, haina harufu kali na haina joto ukiingiza mkono katikati ya lundo. Mbichi inaunguza miche, inaleta mbegu za magugu, inaita mchwa. Mwuzaji atakwambia imeiva. Ingiza mkono mwenyewe. Ya mbuzi ni nzuri, ila gololi zake zinachelewa kuvunjika. Ziponde, au zilowekwe zikae mwezi mmoja chini ya turubai.

Kipimo: tandaza unene wa sentimita 5 juu ya eneo lote. Kwa mita 50 za mraba ni mita za ujazo 2.5, toroli kama arobaini. Watu husikia arobaini wakacheka. Fundi wangu wa kwanza alitumia nane. Kichanga peke yake hakishiki maji wala mbolea. Samadi ndiyo inayogeuka kuwa sponji, na nane kwenye uwanja wa mita 200 ni kama kunyunyiza pilipili. Kama bajeti haitoshi, punguza eneo, usipunguze samadi.

Ukipata udongo wa kichuguu kilichohamwa, ongeza toroli nne au tano zilizopondwa. Una mfinyanzi mwingi kuliko udongo wa jirani yake, na kichanga kinauhitaji. Hakikisha tu mchwa wenyewe hawamo.

Changanya vyote hadi chini, kwenye zile sentimita 20. Samadi iliyobaki juu kama kapeti inafundisha mizizi kukaa juu, na mizizi ya juu ndiyo inayokufa kwanza.

6. Sawazisha, na uite maji ya bati

Piga reki, mwagilia, acha udongo ushuke, piga reki tena. Mwinamo uwe mdogo, sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Uso wa udongo uwe chini ya paving kwa sentimita 2 au 3, ili maji ya mvua yaingie bustanini badala ya kukimbilia barabarani. Mafundi wengi hufanya kinyume, wanainua bustani kama kaburi.

Kama nyumba ina bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30 inakupa lita 3,000 kwa alasiri moja. Elekeza mfereji mmoja wa bati kwenye simtanki na mwingine kwenye majani, ukiweka mawe pale yanapodondokea yasichimbe shimo. Kwa mwenye kisima cha chumvi, maji haya ndiyo dawa: yanasafisha udongo na kuipeleka chumvi chini.

7. Kupanda

Kata vipando vyenye vifundo vitatu au vinne. Vikae kwenye gunia lililolowa, kivulini, na vipandwe siku hiyo hiyo. Vikilala usiku mmoja kwenye buti la gari, nusu yake imekufa.

Chora mistari kwa ncha ya jembe, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya mstari na mstari. Laza vipando vikifuatana, fukia theluthi mbili, ncha ibaki nje. Kisha kanyaga mstari kwa mguu. Kijana aliyenisaidia alikuwa anaogopa kukanyaga. Nikamwonyesha kwa kuvuta kipando kimoja alichokifukia. Kilitoka bila ubishi, maana kilikuwa kimening'inia kwenye hewa. Kipando kilichokanyagwa kinakatika kabla ya kutoka. Panda alasiri, na mwagilia kila unapomaliza mistari mitano, usingoje hadi mwisho.

Ukipanda hivi kwenye mvua, uwanja unafunga ndani ya wiki nane hadi kumi na mbili.

8. Kumwagilia

Siku kumi na nne za kwanza ni kidogo kidogo, asubuhi na jioni, siku ambayo mvua haijanyesha. Wiki ya tatu na ya nne, mara moja kwa siku. Baada ya hapo ruka siku, halafu siku mbili, hadi ufike mara mbili kwa wiki. Usiruke hatua, na usigande kwenye hatua ya kwanza. Majani yanayonyweshwa kijiko kila jioni yanabaki na mizizi ya kidole kimoja.

Utasikia ushauri wa kumwagilia "sana lakini mara chache". Kwenye mfinyanzi ni sawa. Kwenye kichanga una mpaka. Mchanga unashika milimita 20 hivi tu katika sentimita 30 za juu; ukimwaga 25 kwa mkupuo, sehemu inapita mizizi na kwenda zake, ikibeba mbolea yako. Kwa hiyo zile milimita 25 za wiki zigawe mara mbili.

Utajuaje umetoa milimita ngapi? Panga makopo matano ya nyanya kwenye uwanja, washa kinyunyizio au shika mpira kama kawaida yako, angalia saa. Yakifika milimita 12 au 13 kwa rula, huo ndio muda wako. Kisha choma udongo kwa spoku ya baiskeli. Inaingia laini palipolowa na inagoma palipokauka. Ikishuka sentimita 15, acha.

Mwagilia alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mwezi wa nane na wa tisa upepo wa mchana unabeba nusu ya maji yako hadi kwa jirani. Na kama udongo ulikauka sana, utaona maji yanatengeneza matone na kuteleza juu badala ya kuingia. Lowesha kidogo, kunywa chai, rudi umwagilie.

Kiu ya ukoka inaonekana kabla haujakauka. Unageuka rangi, unaelekea kijivu cha bluu, na ukikanyaga alama ya unyayo inabaki. Siku hiyo ndiyo ya kumwagilia, hata kama ratiba inasema kesho.

9. Kukata na kulisha

Kata mara ya kwanza yakifika sentimita 6, ubakize 4. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mkato. Fyekeo linafanya kazi likiwa kali na mkono ukiwa mwepesi, ila mashine ya kusukuma ni bora. Vipande acha palepale, ni mbolea.

Wiki ya tano au ya sita weka CAN, mbolea ya dukani ya kukuzia, visoda vitatu kwa mita moja ya mraba. Kisoda kimoja kinabeba gramu 5 hivi. Rusha majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo. Rudia kila mwezi wakati wa mvua. Mafungu madogo, kwa sababu kichanga hakina ghala. Kuanzia mwezi wa sita acha kabisa. Mbolea inafukuza majani kwenda juu wakati maji hayapo.

10. Maadui

Viwavijeshi ndio wa kuogopa. Dodoma ni miongoni mwa mikoa wanakoanzia mapema, na msimu wao unaangukia kwenye mvua, pale pale ulipopanda. Unaamka unaona uwanja umenyolewa. Ukianza kuona ndege wengi wakidonoa majani yako, chunguza jioni: changanya sabuni kidogo ya maji kwenye lita 4, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Kama wapo watapanda juu. Wachache waokote, kuku watafurahi. Wengi, nenda duka la pembejeo, chukua dawa yenye usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwenye lebo, fuata kipimo, na kuku wasiingie hapo tena kwa siku zilizoandikwa.

Mchwa wanafuata vilivyokufa. Ukiwaona, tafuta samadi mbichi au sehemu isiyofikiwa na maji. Ndago ichimbe ikiwa na majani matatu, kila wiki, bila huruma.

11. Kiangazi

Mwezi wa tano ongeza kimo cha kukata hadi sentimita 5, majani yajipe kivuli. Mwezi wa nane itabidi uamue. Kama maji yapo, endelea na zile milimita 25 kwa wiki. Kama hayapo, uache ukoka ulale. Utakuwa wa kahawia, wageni watakupa pole. Upe milimita 12 kila wiki mbili au tatu, ya kutunza mizizi tu, na usikanyagwe sana. Kibaya ni kuyumba: kuuamsha kwa boza moja, kisha kuunyima mwezi mzima.

Mwezi wa kumi na moja toboa uwanja kwa nondo, matundu ya kina cha sentimita 10 kila shubiri, kisha fagilia ndani yake samadi iliyochekechwa iliyochanganywa na mchanga, nusu kwa nusu, unene usiozidi sentimita moja. Mvua itamalizia.

Na geti lifungwe. Mwezi wa kumi, ukimwagilia, wewe ndiye mwenye kijani peke yako mtaa mzima, na mbuzi wa mzee jirani wamelijua hilo kabla yangu.